Masafa na Marudio: Kuwafuatilia Samaki kwa Redio

Neno ‘masafa’ lina maana mbili zinazokutana katika mada hii. Kwanza ni umbali wa mahali hadi mahali. Pili ni idadi ya mitetemo ya wimbi la redio kwa sekunde, kama tusemavyo masafa ya FM. Mtafiti wa mwendo wa samaki huzihitaji zote mbili. Hata hivyo, kuna jambo la tatu ambalo neno hili halilibebi: mtafiti hupima mara ngapi? Makala haya yanaliita ‘marudio ya upimaji’, na yanakusudia kuonyesha jinsi yanavyoweza kubadilisha jibu la utafiti.

Samaki hutiwa chombo kidogo chenye betri kinachorusha mawimbi ya redio. Mtafiti hupita kandokando ya mto akiwa na antena na kipokezi, akanakili mahali samaki alipo. Mbinu hii hufaa mito na maziwa yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji ya bahari huyameza mawimbi hayo.

Tuchukue mfano. Samaki hushinda chini ya gogo mchana kutwa. Magharibi huenda mita 800 kutafuta chakula, na alfajiri hurejea gogoni. Anayempima mara moja kwa wiki, saa sita mchana, atamkuta palepale na kuandika kwamba hasogei. Anayempima kila saa, usiku na mchana, ataandika karibu mita 1,600 kwa siku. Samaki ni yuleyule. Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Hapa usiku ndio wenye habari.

Mfano huu una mashiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu trauti wakubwa wa kahawia katika mto Au Sable, jimbo la Michigan, Marekani, uliwaonyesha wakipumzika mchana katika maficho machache na kusafiri mbali usiku. Awali, mwaka 1959, Shelby Gerking alikuwa ameimarisha dhana kwamba samaki wengi wa mitoni hawaendi mbali na makao yao. Mwaka 1994, Charles Gowan na wenzake waliikosoa dhana hiyo kuhusu jamii ya trauti, wakieleza kwamba mbinu za kukusanya data ziliwanasa waliobaki na kuwakosa waliohama.

Je, dawa ni kupima kila dakika? La hasha. Kila kipimo kina kosa lake la mita kadhaa. Makosa hayo yakijumlishwa, hata samaki aliyetulia tuli ataonekana msafiri. Aidha, vipimo 24 vya samaki mmoja si ushahidi wa samaki 24, na anayekesha na mmoja huwaacha wengine. Hivyo basi, swali ndilo liamue. Uhamaji wa msimu waweza kufuatwa kila wiki. Makao na shughuli za kila siku hudai mizunguko ya saa 24.

Suala hili lina uzito. Mipaka ya hifadhi ikichorwa kwa vipimo vya adhuhuri pekee, samaki atakuwa salama mchana na kunaswa usiku. Nasi tunaotafsiri na kuhariri maandishi ya sayansi kwa Kiswahili, tusikubali masafa yatajwe pasipo marudio yaliyoyazaa.