Hita Haitoi Joto? Ulizia Themostati

Hapa Chekereni nani atawasha hita? Huku chini kwenye majaruba ya mpunga dereva anachotaka ni dirisha wazi. Ndiyo maana hita ya gari kuukuu huweza kufa zamani mwenyewe asijue, mpaka alfajiri moja ya Julai akodiwe kupeleka wageni juu mlimani, lango la Marangu, kioo cha mbele kijae ukungu na hita ipulize uvuguvugu tu.

Hita haina moto wake. Maji ya moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza joto lake ndani. Basi anza na maji, injini ikiwa imepoa kabisa; kifuniko cha rejeta kubwa hakifunguliwi ikiwa ya moto. Maji yakipungua, hewa hukaa kwenye rejeta ndogo na hita hupoa hata kabla geji ya joto haijaonyesha kitu. Zulia la mbele likiwa limelowa, umepata yanakovujia.

Maji yakiwa kamili, endesha mpaka injini ipate joto, uzime, kisha uguse kwa tahadhari mipira miwili inayoingia ndani ya gari. Yote ikiwa ya moto, kagua feni na kimlango cha hewa. Mmoja wa moto, wa pili wa baridi: valvu imefungwa au rejeta ndogo imeziba kwa kutu, jambo la kawaida kwa magari yanayojazwa maji ya bomba badala ya kulanti. Wala usishangae kukuta mipira imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, rejeta ndogo ikarukwa. Kuna fundi alizuia uvujaji njiani, hakuna aliyerudi kurekebisha.

Mipira yote miwili ikiwa vuguvugu, mimi hushuku themostati, kilango kinachozuia maji yasipite rejeta kubwa mpaka injini ipate joto. Kwetu gari likichemsha mara moja tu, themostati hutolewa ikatupwa. Tangu hapo maji hupita rejeta kubwa muda wote, injini haifikii joto lake, inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tambarare huoni kitu. Ila teremka kutoka Marangu kwenda Himo uangalie geji: mshale unarudi chini. Tena kwenye baadhi ya injini kuitoa huzidisha kuchemsha, kwani ndiyo inayofunga njia ya mkato, maji yasirudi kwenye injini bila kupita rejeta.

Fundi akiishuku, mwambie aipime kwanza. Huning'inizwa kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto. Nyingi zimegongwa namba 82. Karibu na nyuzi hizo ianze kufunguka, na maji yakipoa ijifunge. Ikigoma, nunua nyingine. Si kipuri cha bei kubwa.

Nawe unayekagua Noah kuukuu pale Moshi mjini, injini ikishapata joto washa hita, hata jua likiwa la utosi. Ikipuliza baridi, muulize muuzaji themostati iko wapi kabla hamjazungumza bei.