Kulea si kuasili: Somo linalofaa darasani

Bokoli, Kaunti ya Bungoma, kama kwingineko nchini, yatima aghalabu hulelewa na nyanya au ami bila hati yoyote. Huo ni ulezi wa kijamaa, wala si kuasili.

Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama huhesabiwa kuwa mzawa wa nyumba hiyo na hurithi kama wenzake. Anayelelewa tu, mlezi akifariki bila wosia, huenda akalazimika kuthibitisha mahakamani kwamba alimtegemea marehemu.

Ndiposa walimu wa afya na stadi za maisha wanapaswa kuifafanua tofauti hii. Mwanafunzi akiielewa, ataweza kuuliza nyumbani mapema, kabla ya shamba kugawanywa.