Pikapu ya Marehemu Baba na Moshi Tuliokataa Kuuficha

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba, minazi michache na pikapu moja ya Peugeot 504. Wasomaji wenye umri wataikumbuka gari hiyo. Iliunganishwa hapa nchini kwa miaka mingi, na 504 za mbio zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Ya baba haikushindana na mtu. Ilibeba nazi na maembe kutoka shamba hadi soko la Kongowea, kila alfajiri baada ya sala, mpaka siku alipougua.

Ulipofika wakati wa kugawanya mirathi, sote tuliafikiana iuzwe, mama apate thumni yake, nasi watoto wanne tugawane kilichosalia kwa mujibu wa sheria. Mnunuzi alipatikana upesi: kijana wa mtaa wa pili, aliyedunduliza akiba yake ili aanze biashara ya kusafirisha mazao. Lakini injini ilitoa moshi wa buluu kila ilipowashwa, na oili ilipungua kila wiki. Dalali akatupa shauri: tutie oili nzito, moshi utapungua kwa siku chache, na siku hizo chache zatosha kumaliza biashara.

Tukiri kwamba hatukukataa papo hapo. Karo za shule zilikuwa zinadaiwa. Mama ndiye aliyevunja kimya. Alitukumbusha kisa tulichosomeshwa chuoni, cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji uliofichwa chini. Kisha akauliza, "Nanyi mwataka kumuuzia mtoto wa watu moshi wa baba yenu?" Tukamweleza kijana kwamba gari ni mbovu, na kwamba akistahimili tutaitengeneza. Akastahimili.

Gereji ilikuwa ghali kwetu. Jirani yetu, fundi mzee aliyestaafu, alikubali kutuongoza iwapo mikono itakuwa yetu. Kwanza alipima mgandamizo wa kila silinda. Mbili zilikuwa dhaifu. Akatia oili kidogo ndani yake na kupima tena, na kipimo kikapanda. Hiyo ni dalili ya ringi na silinda zilizolika, kwa kuwa oili huziba mwanya kwa muda. Kisicho panda hutafutwa kwenye valvu au gasketi.

Tuliinua injini kwa mnyororo chini ya mwembe, na hakuna aliyeruhusiwa kusogeza hata mguu chini yake. "Wanangu," fundi alisema, "kufungua si kazi. Kazi ni kukumbuka kila kitu kilitoka wapi." Dada yetu, mwenye hati nzuri, akachukua makopo ya maziwa na kuandika kila moja: nati za kifuniko, boliti za pampu, beringi za kwanza hadi za mwisho. Vifuniko vya beringi tuliviwekea alama, maana kila kimoja lazima kirudi mahali pake na kwa upande wake.

Injini ya 504 ina jambo linalomfaa mtu wa nyumbani. Slivu zake, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, husimama peke yake zikizungukwa na maji ya kupozea, nazo huchomolewa. Basi hatukulazimika kupeleka bloku kuchongwa. Tulinunua slivu nne mpya pamoja na pistoni na ringi zake.

Tulipozichomoa za zamani tulikuta kutu nene upande wa maji, na kifuniko cha silinda, ambacho ni cha aluminiamu, kimeliwa pembeni mwa matundu. Sababu tuliijua. Miaka mingi rejeta ilijazwa maji ya kisima chetu, nayo yana chumvi kama ya visima vingi vya Pwani. Kifuniko tulikipeleka kwa mchongaji kusawazishwa. Msomaji mwenye gari na atie maji matamu yenye dawa ya kuzuia kutu.

Kosa letu kubwa lilikuja tukidhani tumekaribia kumaliza. Mmoja wetu alizungusha injini kabla ya slivu kubanwa, na moja ikainuka kutoka kwenye kikalio chake. Macho yasingeona, lakini maji yangevuja ndani ya oili. Tulichomoa zote nne, tukasafisha vikalio, tukaweka mipira mipya, na siku tatu za kazi zikarudiwa. Boliti za kifuniko tulizikaza kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje, hatua kwa hatua.

Injini iliwaka alasiri moja. Ilitoa moshi wa oili tuliyopaka wakati wa kuunga, kisha hewa ikawa safi. Mama alisema "Alhamdulillahi" na kuingia ndani, nasi tulimsikia akilia.

Tulimwonyesha kijana kila kitu, pamoja na kutu ya sakafu ambayo hatukuigusa. Tulimwambia asibebe mzigo mzito mwanzoni na abadilishe oili mapema. Fundi alilipwa ujira wake siku ile ile. Baada ya kutoa gharama za vipuri, kilichobaki kilipungua kidogo kuliko alichoahidi dalali. Karo tulizimaliza mwezi uliofuata.

Sasa pikapu hupita mbele ya nyumba yetu kabla ya jua kuchomoza, imejaa nazi. Kijana hupiga honi mara moja kumwamkia mama. Nasi, kila mara, hutoka barazani kutazama nyuma yake kama kuna moshi.