Goti la Mzee, Presha na Vidonge vya Dukani

Miongoni mwa maradhi ya viungo yanayoambatana na uzee, yanayoenea kuliko yote ni kulika kwa gegedu, yaani tishu telezi inayofunika ncha za mifupa inapokutana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na tatizo hilo, wengi wao wanawake, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Katika maeneo kama Didia, mkoani Shinyanga, ambako mtu huweza kuzeeka akiinamia jembe, akipandikiza mpunga majarubani na kujitwika ndoo za maji, goti kuuma na kuvimba ni jambo lenye sababu zinazoeleweka, wala halihitaji kuhusishwa na kukanyaga uchawi.

Hali hiyo ni tofauti na baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, mara nyingi vidole vya mikono yote miwili, vikawa vimekakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja; mwenye dalili hizo awahi hospitali, kwa kuwa ucheleweshaji huviacha viungo vimepinda.

Hatari kubwa, hata hivyo, hujitokeza pale mzee mwenye goti bovu anapokuwa pia na shinikizo la juu la damu au kisukari. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa urahisi kwenye maduka ya dawa, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Anayezimeza kila siku huku akitumia losartani au kaptopril pamoja na dawa ya kukojoza, ambazo ni dawa za kawaida za presha, huzibana figo zake kutoka pande tatu, na presha aliyokuwa akiidhibiti huweza kupanda tena. Ni makosa kuliita jambo hilo uzee, ilhali linazuilika.

Tiba iliyo salama zaidi haina gharama kubwa. Mzee aketi kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja hadi ulingane na paja, aushikilie kwa sekunde 5, aushushe taratibu, kisha arudie mara 10 kwa kila mguu, kwa maana misuli ya paja ikiimarika hulipunguzia goti mzigo. Mkongojo ushikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, kinyume cha wanavyofanya wengi, na pale dawa inapohitajika, jeli ya kupaka itangulizwe kabla ya vidonge. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua huliondolea goti takribani kilo 4 katika kila hatua.

Anayekwenda kliniki ya presha au kisukari abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za dukani na za mitishamba, aziweke mezani mbele ya tabibu kabla hajaandikiwa nyingine.