Bega Linauma, Je, Mgonjwa Ni Shingo?

Kuli anayeshusha marobota Kariakoo na fundi cherehani wa Magomeni Mapipa anayeinamia kitambaa kutwa nzima wanaweza kufika kwa daktari na lalamiko moja: bega linauma. Wa kwanza huenda kano za bega zimechanika. Wa pili huenda mshipa wa fahamu umebanwa shingoni. Wakimeza dawa ileile na kuchuliwa palepale, mmoja wao anatibiwa mahali pasipo na ugonjwa.

Shingo ina pingili 7, na humo hutoka jozi 8 za mizizi ya mishipa ya fahamu. Diski ikituna, au mfupa ukiota kwenye tundu la mshipa, mzizi hubanwa. Maumivu hushuka kama shoti ya umeme, hupita kiwiko na kuleta ganzi. Mzizi wa sita hutia ganzi kidole gumba na cha shahada, wa saba kidole cha kati, wa nane kidole cha mwisho. Wa tano ndio mdanganyifu: huumiza bega na kunyong'onyeza mkono unapouinua.

Bega lenyewe hushikiliwa na misuli 4. Kano zake zikisagika, maumivu hukaa upande wa nje wa mkono wa juu, na ni nadra kupita kiwiko. Huzidi ukiinua mkono kwa pembeni kati ya nyuzi 60 na 120, au ukiulalia usiku. Bega lililoganda, linalowaandama zaidi wenye kisukari, hukataa kugeuka hata mkono ukigeuzwa na mtu mwingine.

Jipime kidogo: weka kiganja utosini. Mwenye mshipa uliobanwa mara nyingi hupata nafuu. Mwenye bega bovu kwa kawaida huumia zaidi. Kisha geuza shingo taratibu kuelekea upande unaouma. Maumivu yakishuka mkononi, shingo ndiyo ya kuchunguzwa.

Usikimbilie picha. Eksirei huonyesha mifupa tu, na MRI huonyesha uchakavu wa shingo hata kwa watu wasioumwa. Daktari aupime mkono kwanza. Ikibidi, atakupa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili, wanakotibu mifupa na mishipa ya fahamu.

Lakini vidole vikishindwa kufunga vifungo, miguu ikiyumba au mkojo ukikutoroka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkono ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, huenda ni moyo: usingoje hata saa moja. Na usimruhusu mtu yeyote akuvunje shingo kijiweni.