Ujuzi wa Nyika na Ajira ya Utalii Kajiado

Kaunti ya Kajiado nchini Kenya ina Hifadhi ya Taifa ya Amboseli kusini, na upande wa Kitengela inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyotangazwa mwaka 1946. Hata hivyo, ujirani huo peke yake haumpi kijana kazi ya maana, kwa kuwa nafasi zisizodai cheti ni zile za lindo, usafi na bustani, ilhali upishi, usimamizi na uongozaji wa wageni hudai mafunzo yanayotambuliwa, kama yale ya Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi.

Njia iliyo karibu zaidi na aliyekulia malishoni ni ya mwongoza watalii, yaani mtu anayeandamana na wageni akiwafasiria mienendo ya wanyama, mimea na historia ya mahali. Chama cha Waongoza Safari Kitaalamu nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, huwatahini kwa ngazi tatu, za shaba, fedha na dhahabu, na wanaofika ya mwisho ni wachache mno. Mchungaji anayesoma nyayo na kujua ndovu hupitia wapi kiangazi kikizidi tayari ana sehemu kubwa ya maarifa yanayotahiniwa. Anachokosa mara nyingi ni majina ya kisayansi, lugha ya kigeni na karo. Ndiyo maana mkataba wa mwekezaji anayekodi ardhi ya jamii ungepaswa kumlazimu agharamie mafunzo hayo, kwa sababu ahadi ya jumla ya kuajiri wenyeji hutimizwa hata kwa kuweka askari mmoja langoni.

Baada ya kuajiriwa huja suala la msimu. Wageni huongezeka kati ya Julai na Oktoba, wakapungua mvua ya masika inaponyesha, na waajiri wengi huona nafuu kutumia vibarua, yaani watu wanaolipwa kila siku kazi inapokwisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya kupewa ilani ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Kwa hiyo anayeanza kazi kambini anahimizwa kuandika kila siku aliyofanya na kuhifadhi jumbe za malipo yanayotumwa kwa simu, ambazo huweza kuthibitisha muda wa utumishi wake pale mwajiri anapoukana.