Je, Wajua? Papa Aliyelishwa Hasahau

Je, wajua kwamba mtu akiumwa na papa wakati anajaribu kumlisha, tukio lake haliingii katika ile hesabu ya mashambulizi inayotangazwa duniani kila mwaka? Hesabu hiyo hutunzwa na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya Florida, nchini Marekani. Miaka mingi hutaja watu 60 au 70 hivi walioumwa bila kumchokoza mnyama, na wanaokufa mara nyingi hawafiki kumi. Aliyekuwa akilisha huandikwa pembeni, katika orodha ya waliochokoza. Basi mtalii akiambiwa asiogope kwa kuwa takwimu zinaonyesha papa hana madhara, ajue kwamba takwimu hizo zinamhusu muogeleaji aliyejiendea zake baharini. Hazimhusu mtu aliyepiga magoti chini ya maji kando ya kreti la vichwa vya samaki.

Na ndivyo uzamiaji wa kulisha papa unavyofanyika. Wageni hushuka na mitungi yao ya hewa hadi kwenye mchanga, hupanga duara, hukunja mikono kifuani. Mlishaji hukaa katikati na chambo chake, akitoa kipande kimoja kimoja kwa mkono au kwa fimbo ya chuma. Huko Bahama, kwenye kina kifupi karibu na kisiwa cha Grand Bahama, papa wakubwa wenye milia ubavuni hufika wengi kiasi kwamba mahali penyewe pamepewa jina lao: Tiger Beach. Wageni huonywa wavae glavu nyeusi. Kiganja cheupe kinachochezacheza ndani ya maji yaliyojaa damu ya samaki hufanana mno na samaki.

Je, wajua kwamba papa akikaribia kung'ata huacha kutegemea macho? Papa wengi wakubwa wana utando unaofunika jicho kulikinga na mateke ya windo, na papa mweupe, asiye na utando huo, huligeuza jicho lake kwa nyuma. Sentimita za mwisho huongozwa na vitundu vidogo vilivyotapakaa puani na kuzunguka mdomo, ambavyo Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678. Vimejaa utelezi unaonasa umeme hafifu wa misuli ya kiumbe hai, hata ule wa sehemu tano za bilioni za volti kwa kila sentimita. Lakini chuma ndani ya maji ya chumvi nacho hutoa umeme. Ndiyo maana papa huonekana akiacha nyama na kung'ata kizimba, kamera au mashine ya boti. Mzamiaji amevaa mtungi, vali na vifungo vya chuma, naye yuko hatua mbili tu kutoka kwenye chambo. Papa hahitaji kumchukia ili amuume. Inatosha akosee kidogo.

Walishaji wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao huvaa deraya, vazi la vikuku vya chuma vilivyosukwa pamoja. Mmoja wa waliolijaribu mapema ni mpiga picha wa Australia, Valerie Taylor, aliyeliingiza baharini na kumwacha papa autafune mkono wake uliokingwa. Meno hayakupenya. Jambo linaloniudhi ni kwamba katika safari nyingi deraya huvaliwa na mlishaji peke yake. Aliyelipa nauli hupewa maelezo ya dakika chache na nguo ya mpira.

Ujuzi nao una mpaka wake. Mwaka 2002, mtafiti wa Uswisi Erich Ritter, aliyejenga jina kwa kusimama majini pamoja na papa bila kinga, aliumwa shavu la mguu huko Walker's Cay, Bahama, mbele ya kamera za televisheni. Alipona kwa shida. Mwezi Februari 2008, mtalii kutoka Austria alikuwa katika safari ya aina hii kwenye maji ya Bahama, boti ikiwa imetoka Florida. Aliumwa mguuni, akachukuliwa kwa helikopta hadi Miami, akafariki kwa kupoteza damu.

Hapo ndipo hatari ya mzamiaji inapozidi ile ya mtu aliye ufukweni. Kwenye kina cha mita 20, mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, na naitrojeni imeyeyuka mwilini mwake. Akipandishwa haraka, gesi hiyo inaweza kufanya mapovu katika damu na viungo. Akipandishwa taratibu, damu inamwagika. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, muda unaobaki ni wa dakika tu, hali ya kuwa hospitali iko masaa kadhaa ya boti. Mkanda wa kubana mguu ukiwa ndani ya boti, na mtu anayejua kuukaza, una thamani kuliko hotuba yoyote ya usalama.

Je, wajua kwamba papa hufundishika? Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasayansi Eugenie Clark aliwafunza papa aina ya limau, katika maabara yake huko Florida, kusukuma ubao kwa pua ili wapewe chakula. Mafunzo yalisimamishwa kwa majuma kadhaa msimu wa baridi. Yaliporejea, papa hawakuwa wamesahau. Sasa mfikirie papa wa baharini anayesikia mngurumo wa boti ileile, kisha anapata jodari bure, mwaka baada ya mwaka.

Si papa pekee. Mwaka 2005, nchini Thailand, mwalimu wa uzamiaji aliyezoea kumlisha soseji samaki aitwaye mkunga aling'olewa kidole gumba kizima na mkunga huyohuyo. Soseji na gumba, kwa samaki mwenye macho dhaifu, ni kitu kimoja. Madaktari walichukua kidole cha mguu wake wakakipandikiza mkononi.

Lakini kisa kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote ni cha Sharm el-Sheikh, Misri, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 2010. Katika muda wa siku chache watalii wanne walijeruhiwa, kisha bibi wa Kijerumani mwenye umri wa takriban miaka 70 akauawa karibu na ufuo. Hakuna aliyekuwa akilisha papa. Walikuwa waogeleaji. Wataalamu walioitwa kuchunguza walitaja sababu kadhaa zilizokutana: uvuvi uliomaliza samaki, joto la maji lisilo la kawaida, mizoga ya kondoo iliyotupwa baharini na meli ya mifugo wakati wa Idd el-Hajj, na watu waliokuwa wakiwalisha samaki na papa kinyume cha sheria. Baadhi yao waligundua kwamba majeraha kadhaa yalikuwa mikononi na makalioni, wakakumbusha kwamba wazamiaji wanaolisha hutoa chakula kwa mkono kutoka kwenye kifuko cha kiunoni. Kama ndivyo, papa aliyewashambulia alikuwa akitafuta kifuko. Aliyefunza alikwisha panda boti akaondoka. Aliyelipa ni mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Ni haki kueleza upande wa pili, kwa sababu una uzito. Watafiti wakiongozwa na Neil Hammerschlag waliwafunga papa wenye milia vifaa vya setilaiti, wengine Tiger Beach penye chambo, wengine Florida palipokatazwa. Ilitarajiwa kwamba wale wa Bahama wangeganda pale penye mlo. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kinyume: walizunguka eneo kubwa zaidi, na mmoja alisafiri kiasi cha kilomita 3,500 ndani ya Atlantiki. Huko Fiji, kwenye Shark Reef karibu na kisiwa cha Beqa, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2004 hutoza kila mzamiaji ada inayokwenda kwa vijiji vilivyokubali kuacha kuvua hapo. Bahama yenyewe ilipata dola takriban milioni 114 mwaka 2014 kutokana na utalii wa papa na samaki aina ya taa. Katika dunia ambamo papa kama milioni 100 huuawa kila mwaka, papa mwenye thamani akiwa hai si jambo dogo. Naiheshimu hoja hiyo. Ila inathibitisha kwamba watu hulipa ili wamwone papa. Haithibitishi kwamba lazima alishwe.

Florida ilipiga marufuku wazamiaji kulisha samaki kuanzia Januari 2002, na Hawaii ikakataza ulishaji wa papa katika maji yake mwaka huohuo. Lakini marufuku ya Florida iliishia maili tatu tu kutoka pwani upande wa Atlantiki. Serikali kuu ya Marekani iliziba pengo hilo nje ya pwani ya Florida Desemba 2022.

Je, wajua kwamba mfano mzuri tunao hapa kwetu? Kila mwaka, takriban Oktoba hadi Machi, papa shilingi hukusanyika karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia. Hawaitwi na mtu. Wanafuata uduvi. Wageni huogelea kando yao, hutazama, huondoka, na papa huendelea kuchuja maji. Huko Oslob, Ufilipino, tangu mwaka 2011 papa wa aina hiyohiyo hurushiwa uduvi kwa mkono kutoka kwenye mitumbwi. Tafiti zimeonyesha kwamba baadhi yao hubaki pale muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya safari zao, na wengine wana makovu, kwa kuwa wamejifunza kuvifuata vyombo badala ya kuvikwepa. Papa shilingi hana meno ya kumdhuru mtu, kwa hiyo hapo madhara yote humwangukia yeye.

Ukipata nafasi ya kuzamia na papa popote, uliza kabla hujatoa pesa: chambo kitakuwepo? Nani atavaa deraya? Mkanda wa kubana damu uko wapi, na hospitali ni mwendo wa saa ngapi? Na ukiwa Mafia, ukimwona nahodha au mgeni anatupa hata konzi moja ya uduvi ili papa asogee kwenye boti, mkataze palepale.